Sabuni Kinywani mwa Horace Opikokew

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, Horace Opikokew alikuwa amesimama kwenye sinki la jikoni kwake akipara samaki watatu aliowavua chini ya barafu. Mkewe, Philomene, alikuwa mezani akitunga shanga kwenye kizibao cha ngozi ya kulungu. Redio ya kijiji cha Waposihk ilikuwa inatangaza kwamba mchezo wa bingo wa Alhamisi umeahirishwa kwa sababu ya msiba. Philomene akamuuliza mumewe, kwa Kikrii, lugha ya kwao, kama samaki mmoja apelekwe kwa dada yake. Horace akajibu, kwa Kiingereza, kwamba apelekwe yule mnene.

Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa miaka hamsini na moja, mke kwa Kikrii na mume kwa Kiingereza. Horace alielewa kila neno la mkewe, hata mafumbo, hata yale ambayo wanawake huambiana kwa sauti ya chini wakidhani wanaume wameshughulika na chai. Lakini akijaribu kutamka yeye mwenyewe neno la Kikrii, hata dogo, povu la sabuni lilimtoka kinywani.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya harusi yao, mwaka 1968, alipoinama kumnong'oneza bibi harusi neno moja. Povu lilimwagikia kola. Philomene akamfuta kwa shela, padri akaendelea na ibada, na jioni ile wawili hao wakakubaliana jinsi watakavyokuwa wakizungumza. Hawakulijadili tena.

Ilivyoingia sabuni ile haikuwa siri. Watu wote wa rika la Horace waliipitia shule ya bweni ya watawa, mwendo wa saa tatu kusini mwa ziwa, na pale mtoto aliyesikika akisema Kikrii alipelekwa chumba cha kufulia akaoshwa kinywa kwa mche wa sabuni ya kahawia. Horace alifika pale akiwa na miaka sita, hajui neno la lugha nyingine, na alikuwa mtoto wa maneno mengi. Aliyeoshwa mara nyingi kuliko yeye hakuwepo.

Samaki wa tatu alikuwa bado hajamalizika mlango ulipofunguliwa, akaingia Janelle Lariviere, akavua viatu vya theluji. Janelle alizaliwa Waposihk, mjukuu wa dada yake Philomene, akaenda mjini kusomea utengenezaji wa filamu, akarudi na kamera mbili pamoja na mpiga picha wake, mwanamke wa makamo aitwaye Odile. Tangu Januari walikuwa wakirekodi filamu kuhusu shule ile. Walishazungumza na wazee kumi na wanne.

"Hamjambo babu, bibi. Bibi, nimekuja kukuazima masikio," alisema Janelle. "Kuna neno moja mzee Moise amelisema, mimi silijui."

"Kama amelisema Moise, huenda ni tusi," alisema Philomene. "Lete nisikie."

Wakasikiliza kwenye kisanduku kidogo cha sauti. Lilikuwa tusi. Philomene akaeleza maana yake bila kuacha shanga, na Janelle akaandika.

Filamu ile ilikuwa ya Kikrii kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Janelle aliamua hivyo kabla hajakodi hata taa. Kituo kimoja cha televisheni cha kusini kilimwandikia kikimshauri kwamba nusu yake ikiwa ya Kiingereza watazamaji wataongezeka. Alijibu kwamba watazamaji wanajua kusoma, na atawawekea maandishi chini ya picha.

Horace alinawa mikono, akaifuta, akakaa.

"Na mimi nataka kusema," alisema.

Janelle akamtazama bibi yake, kisha akamtazama yeye. "Sawa, babu. Wewe nitakuruhusu Kiingereza. Peke yako. Wengine watanuna, lakini nitawatuliza."

"Sitaki Kiingereza."

"Sasa sabuni?"

"Itatoka. Itafanyaje?"

"Babu, si lazima ujitese..."

"Kuna mtu aliniita kwa Kikrii," alisema Horace. "Nilikuwa na miaka minane. Sikumjibu. Sasa nimjibu kwa Kiingereza? Hakukijua."

Philomene aliiweka sindano chini. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu kwa miaka hamsini na moja, na habari hii hakuwahi kuisikia.

"Nani?" aliuliza.

"Sikos," alisema Horace. Ni jina la Kikrii. Povu kidogo likamtoka pembeni mwa mdomo, naye akalifuta kwa mgongo wa mkono.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Emile, lakini nyumbani aliitwa Sikos, yaani kicheche, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakujua kutulia. Alikuwa mdogo wake Horace. Alichukuliwa kwenda shule Septemba ya mwaka 1953, akiwa na miaka sita, wakati Horace ana minane na alishakaa pale miaka miwili. Ndugu hawakuruhusiwa kukaa pamoja. Katika chumba cha kulia meza ya wadogo ilikuwa dirishani, ya wakubwa ilikuwa ukutani, na kati ya meza hizo kulikuwa na hatua kumi na moja. Asubuhi moja ya Novemba, wakati wa uji, Sikos alipanda juu ya benchi akasema kwa sauti: "Nistes, kiwetan." Kaka, twende nyumbani.

Watoto wote walisikia. Mtawa wa zamu alisikia. Horace alikuwa ameoshwa mara tatu juma lile, na ulimi wake ulikuwa na vidonda. Akatazama bakuli lake. Sikos akaita tena, akidhani kaka yake hakusikia. Horace akaendelea kutazama bakuli. Sikos akateremshwa kwenye benchi, akapelekwa chumba cha kufulia. Baada ya siku tisa kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na hakikuwa na mtu. Wanafunzi waliambiwa amepelekwa hospitali. Mama yao aliambiwa vivyo hivyo Krismasi ile, na Krismasi iliyofuata. Hakuna hospitali iliyowahi kumpokea.

Horace aliyaeleza hayo kwa Kiingereza, taratibu, akitazama samaki. Alipomaliza, Philomene akasimama, akaenda stoo, akarudi na beseni kubwa la kufulia. Akaliweka mezani mbele ya mumewe.

"Haya, mzee," alisema. "Tuanze na maji."

Walianza na nipiy, yaani maji. Lilitoka povu la kujaza kikombe. Wakaenda kwenye kijiko, jiwe, moto, mbwa. Baada ya siku tatu Philomene aligundua kwamba kila neno lina kiasi chake. Majina ya vitu yalikuwa na sabuni kidogo. Vitenzi vilikuwa na zaidi. Maneno ya kuomba, kama nipe na nisaidie, yalijaza nusu ya beseni. Sabuni yenyewe ilikuwa nzuri, ya zamani, yenye povu zito. Philomene hakuona sababu ya kuimwaga. Alifua mapazia, kisha mablanketi, kisha mazulia madogo ya majirani wawili.

Horace alikwenda zahanati kwa sababu mkewe alisisitiza. Nesi, kijana kutoka kusini aliyekuwa na miezi minne hapa, alimchunguza koo kwa tochi, akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa hutoa povu anapozungumza lugha yake, akamshauri anywe maji mengi na arudi endapo rangi itabadilika.

Moise Durocher alisikia habari, akaja siku ya pili. Moise alikuwa na miaka sabini na mbili, alisoma shule ile ile, alitoroka mara nne, na hadithi ya mara ya nne ilikuwa ndiyo dakika ishirini nzuri kuliko zote katika filamu ya Janelle. Alikuja na mfuko mweusi wa takataka begani.

"We fundi sabuni," alisema, "nimekuletea nguo mbili tatu. Sema kidogo."

"Toka hapa," alisema Horace kwa Kiingereza.

"Kuna na blanketi. Sentensi ndefu ingefaa."

"Moise, acha mzee apumue," alisema Philomene.

"Apumue nini? Miaka sitini amepumzika, sisi ndio tumekuwa tukisema kwa niaba yake. Haya, sema: Moise ni mwanaume mzuri kuliko wote wa Waposihk."

Horace akasema kwa Kikrii kwamba Moise ana uso kama kitako cha dubu. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima tangu utotoni. Povu lilijaa beseni, likafurika, likashuka mezani hadi kwenye mfuko wa nguo. Moise alicheka mpaka akashika mlango. Kisha alikaribia beseni, akachota povu kwa vidole, akanusa. Kicheko kikamwisha.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ya chumba cha kufulia."

Akatoka nje. Philomene alimwona dirishani amesimama kwenye theluji bila koti, akivuta sigara hadi mwisho. Alivuta na ya pili. Kisha akarudi ndani, akakaa karibu na Horace, akamimina nguo zake kwenye beseni.

"Tena," alisema. "Shati hilo lina doa la mafuta."

Kwa hiyo ikawa desturi. Kila siku baada ya chakula cha mchana Moise alikuja, Horace akafanya mazoezi, Philomene akasahihisha matamshi na kufua. Kufikia mwisho wa Aprili hakuna nyumba upande huu wa ziwa iliyokuwa na shuka chafu. Horace aliweza kueleza hali ya hewa, kuomba chumvi, kusimulia jinsi alivyomkosa kulungu mwaka 1979. Lakini neno moja lilimshinda. Alipojaribu kusema nisimis, mdogo wangu, povu lilikuja kwa wingi mpaka akashindwa kuvuta pumzi, likazima jiko, likatoka chini ya mlango hadi barazani. Alilala siku mbili. Siku ya tatu alisema atalisema neno hilo mara moja tu, mbele ya kamera, na kabla ya hapo asiulizwe.

Wakati huo Janelle alikuwa ameandika barua kwa shirika la watawa lililoendesha shule ile. Shirika lilikuwa na jengo la matofali mjini, na humo ndani, katika chumba chenye kipimajoto ukutani, kulikuwa na daftari la maziko la shule. Janelle aliomba familia ya Opikokew ilione ukurasa wa mwaka 1953. Aliomba pia kauli yao kuhusu sabuni.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Lilikuwa na kurasa mbili na picha ndogo ya njiwa juu. Daftari, ilisema barua, lilikuwa bado linapangwa na kwa sasa halingeweza kuonyeshwa kwa familia. Kuhusu sabuni, katika miaka ile usafi wa watoto ulitiliwa maanani sana. Mwandishi aliomba, kama haitakuwa usumbufu, atumiwe sampuli.

Philomene alijaza chupa ya jamu, akaifunga kwa utepe, wakaituma. Mwezi wa Julai likaja jibu la pili, fupi. Sampuli ilikuwa imepimwa. Ilikuwa sabuni ya kawaida.

"Hilo tulilijua," alisema Philomene.

Walikwenda kurekodi katikati ya Agosti, gari mbili, barabara ya changarawe, mwendo wa saa tatu. Shule ilishabomolewa zamani. Kilichobaki ni sakafu ya saruji ya chumba cha kulia, na nyasi zilizochipua katika nyufa. Odile alisimamisha kamera. Philomene alimvalisha mumewe kizibao cha ngozi, ambacho sasa kilikuwa kimekamilika, maua mekundu na meupe kifuani, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama.

"Kitalowa," alisema Horace.

"Nimekitengeneza kilowe," alisema Philomene.

Horace alitafuta mahali pa meza ya wakubwa, akapatambua kwa bomba la chuma lililokuwa bado limejitokeza sakafuni. Kutoka hapo alihesabu hatua kuelekea dirishani. Akapata saba. Akasimama, akafikiri, akarudi. Mara ya pili alitembea kwa hatua fupi, kama anavyotembea mtoto wa miaka minane, akapata kumi na moja.

"Moise," aliita. "Kaa hapa."

Moise alikuwa amekaa pale pale, mwaka 1953, kwenye benchi ile ile, bega kwa bega na Sikos. Alibeba kiti cha kukunja, akakifungua, akakaa. Alikuwa ameandaa mzaha njiani na aliwaambia watu wa gari lake kwamba ameuandaa. Hakuutoa.

"Babu," alisema Odile, "povu likifunika mdomo, nisimamishe tukufute?"

"Usimguse," alisema Janelle. "Acha kamera iende."

Horace alisimama mahali pake, mikono chini. Kulikuwa na upepo kidogo na mbu wengi. Alimtazama Moise, au mahali alipokaa Moise.

"Ehe, nisimis," alisema. Ndiyo, mdogo wangu.

Povu lilimtoka kwa kishindo, likafunika maua ya kizibao, likashuka magotini, likaenea kwenye saruji. Horace aliyumba. Philomene alichukua hatua moja mbele, kisha akajizuia. Horace akavuta hewa kwa pua, akatema, akaendelea.

"Nakusikia. Hata siku ile nilikusikia. Ulisema twende nyumbani. Mimi ni kaka yako Horace, mtoto wa Jeremie na Celestine Opikokew, na nakujibu. Kiwetan, Sikos. Twende."

Povu lilivuka zile hatua kumi na moja, likafika kwenye viatu vya Moise, likapanda hadi vifundoni. Moise hakuinua miguu. Walikaa hivyo kwa muda ambao katika filamu ni dakika mbili na sekunde kumi, na Janelle hakukata hata moja.

"Umechelewa, kaka," alisema Moise mwishowe, kwa Kikrii. "Lakini umesema vizuri."

Kazi ingeishia hapo, lakini Horace hakunyamaza. Aligundua kwamba baada ya neno lile mengine yote yanapita, sabuni au si sabuni. Alizungumza dakika arobaini. Alieleza chumba cha kufulia, rangi ya ndoo, jina la mtawa, idadi ya vitanda. Alitaja kwa majina yao ya nyumbani watoto kumi na wawili ambao hawakurudi, na ambao kijijini hakuna aliyewataja tangu mama zao wafe, na kila jina lilitoka na povu lake na yeye akalisubiri lipite. Kisha akahamia kwenye ubovu wa barabara ya changarawe na uzembe wa baraza la kijiji, na hayo pia yamo katika filamu. Alipomaliza, sakafu yote ya saruji ilikuwa nyeupe. Philomene alichukua ufagio kutoka kwenye gari, akaisugua kona moja, akaona imetakata, akaacha.

Filamu ilionyeshwa hapa kwetu kwanza, Jumamosi ya Oktoba, saa nane mchana, ukumbini. Kulikuwa na supu ya kulungu na mikate ya kikaangoni. Janelle alikuwa ameijaribu filamu mara moja peke yake na alijua kitakachotokea, kwa hiyo waliokaa mstari wa mbele walipewa aproni za plastiki. Ilipofika zamu ya Horace, na lilipotamkwa neno lile, povu lilitoka kwenye kitambaa cha ukutani, likaanguka jukwaani, likatiririka kati ya viti. Mwenyekiti wa baraza aliinua miguu yake. Wazee hawakuinua.

Horace alikuwa amekaa mstari wa tatu, amevaa kizibao. Hakuwahi kuisikiliza sauti yake ya Kikrii, kwa sababu akiwa mtoto hakujisikiliza, baadaye hakuzungumza, na tangu Machi alikuwa akipambana na povu. Alikaza macho kwenye mtu yule wa ukutani. Kisha akamwinamia mkewe.

"Mbona ile ni sauti ya baba?" alisema, kwa Kikrii, na povu likamwangukia mapajani.

"Ni yako," alisema Philomene. "Ndiyo hiyo niliyokuwa naingoja."

Majina kumi na mawili yalipoanza kutajwa, mwanamke mmoja wa nyuma alisimama kwa jina la mjomba wake. Jina la pili walisimama watu watatu. Kufikia la kumi na mbili hakuna aliyekuwa amekaa. Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu, wakalowa, mpaka filamu ikaisha, kisha wakachukua mopu na kusafisha ukumbi wakizungumza kwa sauti kubwa. Siku ile hata vijana walijaribu Kikrii chao kibovu, na walisahihishwa kutoka pande zote.

Tangu hapo filamu imezunguka. Imekwenda kwenye kumbi za jamaa zetu ziwa hadi ziwa, kisha mijini. Kumbi za mijini zilimwandikia Janelle kuomba toleo lisilo na povu, kwa ajili ya mazulia. Alikataa. Baadhi zilitandika nailoni, baadhi zikaleta ndoo, mbili zikafuta maonyesho. Kile kituo cha televisheni kilisema kitaionyesha ikiwa sauti ya mtu mwingine itawekwa juu ya sauti ya mzee, kwa Kiingereza. Akakataa pia. Kwenye onyesho la mji mkuu wa jimbo, mwakilishi wa lile shirika la watawa alikaa mstari wa mbele, karibu na mlango. Alilowa hadi magotini. Baadaye alitoa taarifa kwamba ameguswa, na kwamba daftari linaendelea kupangwa.

Nyumbani kwa Opikokew sasa kuna lugha moja. Horace anaamka nayo na kulala nayo, taulo shingoni. Sabuni haijapungua. Wakati fulani Moise alidhani itakwisha, akapiga hesabu ya miche yote ambayo mtoto angeweza kumezeshwa kwa miaka kumi, na siku aliyosema ikafika, ikapita, povu likiwa lile lile. Horace hakusikitika. Alisema hakuanza kuzungumza ili likome.

"Mimi nilidhani nimeolewa na mtu mpole," Philomene huwaambia wageni. "Kumbe alikuwa hajapata maneno. Sasa ana maoni juu ya kila kitu. Jana ameigombeza redio nusu saa."

"Ilikuwa inasema uongo," husema Horace.

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Horace hupiga simu kwenye lile jengo la matofali mjini. Huulizia daftari la maziko, mwaka 1953, mwezi wa Novemba, mtoto wa Opikokew. Huuliza kwa Kikrii. Miezi ya kwanza katibu, mwanamke wa sauti nyororo, alimjibu kwa Kiingereza kwamba samahani, haelewi, na Horace akarudia swali lake taratibu zaidi, kama mtu anavyosema na mwanafunzi mgeni. Alirudia mara nne, mara tano, mpaka upande wa pili ukakata. Jumatatu iliyofuata alipiga tena.

Huu ni mwaka wa nne. Daftari limo chumbani mle, halijafunguliwa kwa familia yoyote, na alipozikwa Sikos hatupajui. Lakini tangu majira ya kuchipua yaliyopita katibu hakati tena simu na hasemi tena kwamba haelewi. Horace akimaliza kuuliza, yeye hujibu kwa Kikrii.

"Namoya," husema. Hapana.

Irabu ya katikati huifupisha kupita kiasi. Horace humsahihisha. Katibu hulirudia neno mara mbili, mara tatu, mpaka likae sawa, ndipo Horace humuaga na kuweka simu chini.